Maji ya Kifuu

Mjusi nimemnunua, mama. Dola arobaini na tano,
risiti ninayo. Cheka upendavyo.
Wewe ulimfukuza kwa ufagio, ukamwita kafiri;
mimi nimempakata kwenye basi la mtaa wa Sargent
ndani ya kopo lenye matundu, chini ya koti, kifuani,
maana Winnipeg leo ni nyuzi thelathini na moja chini ya sifuri
na joto langu ndilo hita yake.

Vyura walitangulia. Wawili, kijani cha ndimu mbichi.
Mmoja Mwanahawa kamwita Karani
kwa vile anavyokunja mikono, kama anayesubiri saini.

Tangi ni la Bi Lorraine, mlango wa pili.
La mumewe, alikuwa akifuga samaki.
Alilisukuma ukumbini kwa mguu, hakutaka kulishika:
"Chukua. Vioo vizima."
Ndani, mstari mweupe wa chokaa
unaonyesha maji yalipokuwa yakifika.
Nimeusugua kwa siki. Nimeusugua kwa ndimu.
Umepauka, haujatoka.

Basi tukaanza.
Kokoto za udongo wa kuchoma, kina cha vidole vinne,
maji ya ziada yapate pa kujificha.
Juu yake wavu wa dirisha, masalio ya mbu wa Julai.
Halafu udongo. Halafu kuvumwani.
Katikati kioo, kwa gundi,
maana muuzaji alinikazia macho:
chura na mjusi wasikae chumba kimoja.
Mwanahawa akanuna. Alitaka nyumba isiyo na kuta.
"Wataonana," nikamwambia. "Kuonana si haba."

Kazi ilikuwa bwawa.
Ukingo wa kwanza ulibomoka usiku, tukaamkia tope.
Wa pili ukasimama wima kama ukuta wa kisima:
atakayetumbukia humo hatoki.
Nikalala kifudifudi sakafuni, jicho usawa wa kokoto,
nikajiuliza kama mwenye miguu ya sentimita mbili,
hapa nitashika wapi?
Tukaweka jiwe bapa, tena jiwe, tena gome la mti,
mteremko wa taratibu,
wa kuingilia na wa kutokea.

Na maji ya bomba yana dawa. Sisi tunakunywa, tunanyamaza.
Chura hanywi kwa kinywa; hunywa kwa ngozi,
kila kinachomgusa kinamwingia.
Tukayalaza kwenye ndoo usiku kucha,
tukatia matone ya kuizima dawa,
nikatumbukiza kiwiko kupima uvuguvugu,
kama ulivyofanya wewe kabla ya kuniogesha.

Vikombe kumi na kimoja, bwawa likajaa.
Mwanahawa akaangalia, mikono kiunoni:
"Mbona madogo?"
Nikamwambia, maji ya kifuu, bahari ya chungu.
"Chungu cha kupikia?"
La. Mdudu. Ndugu yake sisimizi.
"Na kifuu?"
Nikafungua mdomo. Nazi hapa huja imeshakunwa, mfukoni.
Nikakunja viganja viwili, nikaviinua mbele yake.
Akachungulia ndani, akitafuta mdudu.

Saa nane usiku natoka zamu, buti mkononi.
Mjusi kalala juu ya gome, rangi imemhama.
Upande wa pili Karani kashuka jiwe la kwanza, la pili,
akasita, akageuka,
akarudi kinyumenyume
akatia makalio tu majini, mikono ikabaki nchi kavu.
Nikadhani anaogopa.
Kumbe anakunywa.

Maji hayakufika kwenye ule mstari,
yamepungua vidole vitatu.
Bi Lorraine amesema atapita kesho, kuangalia tu, hatakaa.
Kuvumwani kimebaki kidogo kwenye mfuko,
kinatosha kuufunika.
Nimekishika tangu saa nane.